Darubini Inayonata

Mzee Masanja alipoitoa darubini sandukuni, ilitoka na soksi, picha ya ubatizo wa mwanawe Wegesa na nusu ukurasa wa gazeti, vyote vimeng'ang'ania.

"Mama Wegesa! Njoo uone uchawi huku!"

Nyangi, mkewe, akaja akikung'uta unga wa muhogo mikononi. Uchawi wapi! Ile ni darubini ya bunduki, imevikwa mpira, na mpira umekaa sandukuni zaidi ya miaka ishirini katika joto la Kibara. Sasa ulikuwa umeoza na unanata kama bigijii iliyokwisha kutafunwa.

Siku nyingine wangeitupa. Lakini leo saa nane mchana mwalo mpya wa kushushia samaki kando ya ziwa ulikuwa unapewa jina, na jina lenyewe ni Mwalo wa Masanja. Mwaka wa Elinino kiboko alivunja mitumbwi minne pale na kuua watu wawili. Masanja, mgambo wa kijiji, alikabidhiwa bunduki, na kiboko akafa kwa risasi moja ya kichwa. Hakuwa amewahi kufyatua nyingine, wala hakufyatua tena. "Moja tu!" alipenda kusema kila penye watu zaidi ya wawili. "Ya pili ya nini?"

Bunduki ilirudishwa, darubini ikasahaulika sandukuni. Huo ndio ushahidi uliobaki. Na Mzee Enos, aliyemwonea Masanja wivu tangu darasa la kwanza, alikuwa ameapa kwamba bila kuiona hiyo darubini kwa macho yake, mwalo utatafutiwa jina lingine.

Masanja akaenda kuchukua mafuta ya taa.

"Weka chini hayo," Nyangi akasema. "Yataingia kwenye kioo. Lete spiriti ya kidonda chako."

Akakaa kwenye kigoda na kipande cha kanga kuukuu, akafuta polepole bila kugusa kioo kwa kidole. Masanja akasimama pembeni akitoa maelekezo, kazi anayoiweza. Mara mojamoja Nyangi alijikuna kovu lililo juu ya jicho lake la kulia. Kovu hilo lilimtia Masanja aibu kubwa, maana mwaka uleule wa kiboko wazee wa kanisa, Enos akiwamo, walimwita wakamuuliza kama amempiga mkewe. Akakubali bila kubisha. Wakamtenga miezi sita.

"Hapa pa kuwekea jicho pamegoma," Nyangi akasema, akipamwagia poda ya mjukuu. "Waambie wasisogeze uso, patawachafua."

Mwaloni palikuwa na turubai, viti vya plastiki, diwani, na kibao kilichofunikwa kitambaa. Palikuwa pia na afisa wanyamapori kutoka Bunda, dada anayeitwa Stellah, mwenye alama iliyopinda juu ya nyusi.

"Binti, nani kakupasua hivyo?" Enos akauliza. Umbea haukuwahi kumpa nafasi ya kupumua.

"Bunduki, mzee. Yenye darubini ikifyatuka inarudi nyuma. Ukiweka jicho karibu, inakuchana. Risasi ya kwanza kila mtu analipiaga. Ya pili unakuwa na akili."

Watu wakacheka. Enos hakucheka. Aligeuka taratibu akaliangalia paji la uso la Masanja, laini kama yai.

"Wewe si ulifyatuaga moja tu?"

"Mimi akili nilikuwa nayo kabla ya hiyo ya kwanza!"

Makofi. Enos akaparamia kiti. "Basi tuonyeshe ulivyolenga!"

Masanja akainua darubini, akachungulia kwa madaha.

"Naona vizuri kabisa," akatangaza. "Ila ile mitumbwi iko mbali sana."

Mitumbwi ilikuwa hatua kumi kutoka alipo.

"Ameigeuza!" Enos akapiga yowe. "Mtu mzima anachungulia kwa mbele! Diwani, shusha hicho kibao!"

Jasho likamtoka Masanja. Hakuwa na ng'ombe wengi, hakuwa na elimu, alikuwa na jina hilo tu, nalo lilikuwa linamtoka mbele ya kijiji kizima. Alitia huruma, jamani.

Nyangi akainuka kwenye mkeka wa akina mama. "Lete hapa, Baba Wegesa. Unanitia aibu."

Akaigeuza, akaibana kwenye jicho la kulia, akazungusha kipete kidogo kwa kidole kimoja, akazuia pumzi.

"Inaona," akasema. "Namwona hadi yule ndege, mnandi, aliyetua kule kwenye jiwe."

Alipoishusha, mpira mbovu ulikuwa umemwachia duara jeusi kuzunguka jicho. Vicheko vikaanza, kisha vikakatika kimoja kimoja. Duara lilipita juu ya kovu lake, mwanzo hadi mwisho, bila kupunguza wala kuzidisha.

Enos akashuka kwenye kiti. Akavua kofia.

Stellah akamsogelea Nyangi, akapiga goti kidogo la heshima. "Mama, yule kiboko ulimpiga kutoka hatua ngapi?"

Nyangi akamtazama mumewe. Mumewe akatazama mchanga, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Arobaini, mwanangu," Nyangi akasema. "Baba Wegesa ndiye aliyezihesabu, kutoka juu ya mti."