Kisanduku cha Simu

Simu ilikuwa ikilia ndani ya kisanduku cha chuma, na ufunguo wa kisanduku ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine, kilomita mia moja nyuma.

Dereva alikaza macho barabarani. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Alijua ni mdogo wake anayepiga, maana mlio ule alimwekea yeye peke yake.

Ndivyo kampuni ile ya mizigo ya haraka ilivyowafanyia madereva wapya. Miezi mitatu ya kwanza, simu inafungiwa kisandukuni chini ya kiti, na msimamizi anabaki na ufunguo. Msimamizi mwenyewe walimwita Bwana Dakika. Alivaa saa mbili, moja kila mkono, eti moja ikidanganya nyingine iisute.

"Wewe Mama Huruma," alimwambia asubuhi hiyo mbele ya wenzake, "wiki iliyopita umembeba bibi wa watu na mabunda yake, umechelewa dakika tisa."

"Alikuwa amechoka, bosi."

"Hata mimi nimechoka. Nimechoka na wewe!"

Wenzake wakaangua kicheko. Bwana Dakika akasubiri kiishe.

"Leo ukimpakia mtu, hata awe mama yako mzazi, ufunguo wa gari unauacha hapa mezani na kwenu unarudi. Na usidhani sikuoni. Lori likisimama, naliona kwenye kompyuta."

Mzigo wenyewe ulikuwa kreti moja tu, dogo kama kibao cha kukalia, lenye pembetatu ya njano kila upande.

"Hii alama ya nini, bosi?"

"Ya kuwaambia wambea wasiguse. Peleka."

Dereva hakumwambia kwamba anajua kilichomo. Alfajiri mdogo wake alimpigia kutoka wodi ya watoto wachanga, sauti imekauka. "Dada, mashine ya hewa imekufa. Wameagiza kifaa, wameita na fundi. Mitungi iliyobaki ni ya mpaka saa sita mchana, basi." Mtoto alikuwa na siku nne, mwepesi kuliko pakiti ya sukari. Siku akijua kusema, angemwita dereva mama mkubwa.

Kwa hiyo alipoliona jina la hospitali kwenye karatasi ya mzigo, alinyoosha mkono kabla wenzake hawajameza chai. Kabla simu haijafungiwa, akamtumia mdogo wake ujumbe: kifaa nakileta mimi. Angesema ukweli, safari angepewa mwingine. Dereva mwenye mgonjwa, Bwana Dakika hupenda kusema, anaendesha kwa machozi.

Simu ikalia mara ya tano. Ikanyamaza. Ikalia mara ya sita.

Kila mlio ulimwambia jambo lile lile: mtoto anaishiwa. Alijaribu kukivuta kisanduku kwa kisigino, kikamkwaruza tu. Akakanyaga mafuta.

Saa nne na robo, kwenye barabara ya mkato ambako hata pikipiki hazipiti, aliona gari dogo limeachama boneti, linafuka mvuke. Mwanamume wa koti la bluu alikuwa amekaa juu ya begi lake kando ya barabara. Alipoliona lori aliruka kama aliyeng'atwa na siafu, akakimbilia katikati ya njia, akapunga mikono yote miwili. Alikuwa anatabasamu. Kifuani alikuwa na pembetatu ya njano.

Watu wa kutengeneza barabara hao, dereva akawaza, hawaishiwi alama.

Hata hivyo mguu wake ulihamia kwenye breki wenyewe, kama ulivyozoea. Lori likapunguza mwendo. Mwanamume akaanza kuliburuta begi kuelekea mlango wa abiria.

Simu ikalia.

Mguu ukarudi kwenye mafuta. "Nisamehe, kaka yangu," alisema kwa sauti, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Akabonyeza honi, hakuiachia. Mwanamume akarukia mtaroni.

Kwenye kioo cha pembeni alimwona akiinuka, akilikimbiza lori, begi limempinda bega, mdomo wazi. Begi lilipomlemea alilitupa, akaendelea kukimbia. Kisha akavua kiatu akakirusha. Kikagonga mlango wa nyuma, pu! Mara ya mwisho kumwona alikuwa amepiga magoti katikati ya lami, mguu mmoja una soksi.

"Hata kiatu!" dereva alisema, akajikuta anacheka, kicheko chembamba cha mtu aliyeponea chupuchupu. Laiti Bwana Dakika angemwona. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alijiona dereva kweli.

Simu ililia tena, na tena. Hakuihesabu.

Aliingia getini mwa hospitali saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Wauguzi wawili walikuwa wanamsubiri na kitoroli. Hawakusema hata asante. Walifungua mlango wa nyuma, wakalibeba kreti, wakakimbia nalo.

Mdogo wake alikuwa ngazini, pekupeku, amevaa gauni la wodini, simu sikioni. Chini ya kiti cha lori, simu ile nyingine ilikuwa bado inalia.

"Yupo?" dereva aliuliza, akiruka chini.

"Yupo. Anapumua."

Dereva akafungua mikono. "Sikusimama, mdogo wangu! Njia nzima, sikusimama hata mahali pamoja!"

Mdogo wake hakuingia kwenye mikono ile. Alimpita, akachungulia kiti cha abiria. Akazunguka nyuma, akachungulia ndani ya lori tupu. Ndipo akaishusha simu kutoka sikioni, taratibu.

"Dada," alisema, "fundi tuliyemwambia akusimamishe njiani yuko wapi?"