Vinundu Vyeupe

Mzee Lukindo aliubwaga mche wa maharage uliogeuka njano juu ya meza ya bwana shamba, pamoja na udongo wake.

"Hata shikamoo hunipi? Basi tazama."

Akapasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. "Cheupe. Ndani kingekuwa chekundu, vijidudu wanaoyalisha maharage wangekuwa hai. Zile pakiti za unga mweusi wenye vijidudu hao, wa kupaka mbegu, mliziweka wapi?"

"Stoo, mzee."

"Stoo ya bati, miezi mitatu ya jua! Mmewachemsha vijidudu, mkatugawia maiti. Marehemu mke wangu alichanganya mbegu na udongo wa shamba lililozaa maharage mwaka uliotangulia, tukala hadi msimu mwingine. Mkamcheka, eti ushamba. Nami juha nikawasikiliza nyinyi."

"Tutaandika ripoti, mzee wangu."

"Ripoti! Inaiva kwa maji kiasi gani? Maana shambani sina kingine cha kupika mwaka huu."

Mzee akavuta kiti bila kukaribishwa, akaendelea kupasua vinundu, kimoja kimoja, akikiinua kila kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta japo kimoja chenye wekundu.