Kuponi ya Unga

Asubuhi ile ile meneja wa duka alikuwa amemwambia keshia: "Kuponi za simu zinatutia hasara. Mtu akikuonyesha, mwambie mtandao umekatika."

Sasa mbele yake alisimama fundi cherehani, mama wa makamo, amenyoosha simu iliyopasuka kioo. Katikati ya nyufa iling'aa kuponi ya unga, nusu bei. Kidole gumba chenye makovu ya sindano kiliigusagusa simu isije ikazima.

"Mtandao umekatika, mama," alisema keshia.

"Kwangu upo, mwanangu," mama akajibu bila kupandisha sauti. "Na tangazo mmelibandika wenyewe pale mlangoni. Siombi mimi. Nimefuata changu."

Nyuma ya keshia meneja akakohoa, kikohozi cha kumkumbusha mtu mshahara wake.

Keshia akaipokea simu, akaipitisha kwenye mashine. Mashine ikalia, bei ikashuka nusu.

"Wewe! Nilikwambiaje?" meneja akafoka.

Keshia hata hakugeuka. Aliinuka kitini, akapaza sauti foleni nzima imsikie: "Nani mwingine ana kuponi? Asogee mbele!"