Nafasi ya Sita

Lango la Upepo Mwema, mtaa mpya wa hewa safi, lilitambua sura za wageni sita tu kwa kila nyumba, na orodha ikishajazwa haikubadilishwa kwa miaka kumi. Mwajabu, ambaye sebule yake ya Buguruni haikuwahi kukosa watu wala umbea, alibakiwa na nafasi moja: dada yake Pili, au Bi Kidawa, somo yake aliyemfunda akiwa mwali.

"Tutafute mtaa mwingine, mama Rukia," mumewe alisema.

"Upi? Hapa mtoto kalala siku tatu za majaribio bila kukohoa. Kwetu kifua kinalia kama filimbi. Nahamia hapa hapa."

Akaandika Pili, akaweka dole gumba.

Nyumbani alimkuta Bi Kidawa kaitawala sebule, cherehani inanguruma, kitambaa cha maua kimetapakaa hadi mlangoni.

"Mwari wangu, nyumba mpya ina madirisha mangapi?"

"Manane, somo."

"Haya. Siku ya kutundika mapazia nakuja mwenyewe, usije ukayapachika upande upande watu wakatucheka."

Mwajabu akavua viatu, akakaa chini, akamshikia kitambaa kisijikunje.