Nyusi za Mwanasesere

Umbo lenyewe lilichorwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari: tao moja nene, urefu wa kidole gumba, limerudiwa mara nne. Hakukuwa na jina, nembo wala namba ya simu.

"Ni nini hizi, braza?" aliuliza Fakihi, fundi wa kukata stika.

"Nyusi," alisema mteja, mtu mnene mpole aliyejitambulisha kuwa Stanley wa Madale. "Binti yangu ana wanasesere wawili. Nyusi zao zimefutika."

"Mbona zote zimepinda upande mmoja? Moja inatakiwa igeukie huku."

"Kata kama zilivyo, fundi. Nyeusi. Na zisitoke kwenye maji, maana anaogaga nao."

Mafundi wawili wa hapohapo Tabata walikuwa wameshaharibu kazi ile. Umbo dogo lina kero zake: kisu kikizama, kinapasua karatasi ya chini, kikielea, stika inachanika ncha wakati wa kubandua. Fakihi hakuwa fundi wa ncha zilizochanika. Alifunga kisu kipya, akapunguza mwendo wa plota, mashine yake ya kukatia, akakata tao la majaribio. Likabanduka lenyewe, karatasi ya chini haina hata mkwaruzo.

Mwamvita, mkewe, alikuwa ameleta chakula cha mchana. "Nyusi za mwanasesere unazihangaikia kuliko zangu," alisema. Akalichukua lile tao la majaribio, akalibandika juu ya jicho lake, akamrembulia mumewe. Fakihi alicheka mpaka akaangusha kibano.

Kisha akakata manne ya mteja, na la tano akalibandika kwenye kipande cha bati, akamsogezea.

"Pitisha kidole. Ukisikia ukingo, leo nafunga ofisi."

Stanley alipitisha kidole mara mbili. "Wee ndiye fundi. Halafu huna maswali mengi."

"Mie nakata. Unakobandika ni kwako."

Siku nne baadaye, Mwamvita akivuka barabara kwenda sokoni, gari dogo jeupe lilimgonga, likamburuza mpaka mtaroni, likaondoka. Alizikwa alasiri ya siku ileile.

Wanawake wa genge la kando ya barabara walikuwa watano, na wote watano waliisoma namba ya gari lile. Tarakimu tatu: nane, moja, saba, kisha herufi zake. Waliulizwa mmoja mmoja. Hakuna aliyesita, hakuna aliyepishana na mwenzake.

Tangu hapo Fakihi hakutaka kitu kingine duniani ila kumtia mkononi mwenye gari lile. Aliikata namba ile kwa stika nyekundu, mamia ya nakala, akawagawia madereva wa bodaboda waibandike kwenye matangi yao ya mafuta. Ndani ya wiki ilikuwa inatembea mji mzima.

Siku ya kumi na tatu, simu ikaita. Kawe, nje ya duka la dawa. Jeupe. Nane, moja, saba, na herufi ni zilezile.

Mwenye gari aliitwa Benson, mwalimu wa shule ya msingi, chaki ingali vidoleni. Alikuta watu wameshalizunguka gari lake.

"Ndugu zangu, sijafika Tabata mwaka huu! Siku hiyo nilikuwa darasani, waulizeni hata watoto!"

"Watoto wa nini?" Fakihi alisema. "Shahidi wangu ni namba. Watu wanadanganya. Namba hainaga uongo, mwalimu."

Alikuwa amekuja na rula yake ya chuma, ile ya kukatia mabango. Yeye ndiye aliyepiga wa kwanza, kwa ubapa, kisha kwa ukingo. Wengine wakamalizia kwa mawe, na gari likatiwa kiberiti. Polisi walipofika hakukuwa na mtu aliyeona kitu, na mwalimu hakuweza tena kueleza alikuwa wapi.

Asubuhi iliyofuata Fakihi alikunywa chai akaimaliza, mara ya kwanza tangu msiba. Aliiosha rula kwa spiriti, akairudisha kwenye msumari wake.

Siku mbili baada ya kisomo cha arobaini, Stanley alitokea mlangoni.

"Fundi, kazi yako imenishinda! Nyusi zimegoma kutoka. Nimejaribu kucha, nimejaribu wembe, wapi. Wanasesere nimewafungia Madale mwezi mzima na zaidi."

Fakihi alijikuta anatabasamu. "Kazi yangu haitoki kwa ukucha. Inataka moto kidogo. Yuko wapi mwanasesere?"

"Yuko nje. Wee si mtu wa maswali, nitakuonesha."

Fakihi aliazima draya ya nywele saluni ya jirani, akavuta waya mpaka barazani. Nje kulikuwa na gari dogo, nyuma limepakwa tope mpaka pleti namba haisomeki. Stanley alichuchumaa, akafuta kwa kitambaa tarakimu ya kwanza peke yake.

"Hapo."

Ilikuwa nane. Fakihi aliitazama, kisha akalitazama gari, weupe wake juu ya tope. Akapiga magoti. Alipitisha kidole kutafuta ukingo, hakuusikia. Akawasha draya, akaipasha ile tarakimu, akaingiza ukucha na kuvuta taratibu. Tao la kwanza likatoka zima, halikuacha hata gundi. La pili likafuata.

Nane ikawa tatu.

"Aisee, una mkono!" alisema Stanley, akamwaga kopo la maji kuosha tope lililobaki.

Moja. Saba.