Foleni ya Kumwona Mkurugenzi

Watu tisa walikuwa wamepanga foleni mbele ya mlango usio na kibao, na hakuna aliyezungumza na mwenzake. Mchora ramani aliwapenda papo hapo. Akasimama nyuma yao, wa kumi.

Ukumbini nyuma yake watu walivuma kama nyuki. Wakandarasi walipigana vibao vya mgongoni, wauza saruji walicheka kabla kichekesho hakijaisha. Huko alishajaribu. Aliizunguka meza ya chai mara nne, akamwambia mtu mmoja "samahani", naye akampisha.

Angekwisha kurudi nyumbani, isingekuwa shangazi yake mwenye saluni. Tangu binti amalize diploma ya kuchora ramani za majengo, miezi minane sasa, shangazi ndiye aliyemlisha, akamvisha, akamwita Kobe. Asubuhi ile alimnyooshea kitana.

"Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nenda kwenye huo mkutano wa wajenzi. Urudi na kazi, au japo kadi ya mwenye kazi. Ukirudi mikono mitupu, Jumatatu unaanza hapa kwangu. Na wateja wangu hawaji kusukwa tu, Kobe. Wanakuja kusemeshwa."

Kusuka hakukumtisha.

Mbele yake alisimama mpima ardhi, kofia mkononi. Ilimchukua binti dakika kumi kujikusanya.

"Samahani kaka, hii ni foleni ya nini?"

"Ya mkurugenzi. Huyu aliyeandaa mkutano." Mpima ardhi aliongea huku akiutazama mlango. "Alisoma sentensi zake mbili za ufunguzi, akashuka jukwaani, akanyoosha moja kwa moja mpaka humu. Wa mbele walimwona kwa macho yao."

"Na ana kazi?"

"Anajenga nyumba mia mbili, dada. Atakosaje?"

Mlango ukafunguka. Akatoka mama mmoja muuza mabati, uso umetulia kama maji ya mtungini.

"Vipi huko?" walimuuliza chini chini.

"Sikukatizwa hata mara moja," alisema mama, akaenda zake.

Aliyefuata, fundi umeme, alikaa ndani dakika sita. "Hana haraka na mtu," alisema alipotoka. "Mimi nilikuja na hotuba nzima. Sikuihitaji."

Mchora ramani akaanza kupumua. Mtu wa namna hiyo angemweza. Alijifunza maneno yake moyoni: shikamoo, jina, diploma, michoro. Sentensi nne. Akazipunguza zikawa tatu. Foleni nyuma yake ilishakata kona kuelekea vyooni, na fundi bomba mmoja, mtu mzima, alikuwa akimpumulia kisogoni huku midomo ikimcheza bila sauti.

Mmoja mmoja wakaingia, mmoja mmoja wakatoka, wote wamenyooka mabega. Mpima ardhi alitoka ameshaivaa kofia yake.

"Nenda, dada," alimnong'oneza. "Hata shikamoo usihangaike nayo."

Alibisha mara mbili. Hakuitikiwa. Akasukuma mlango kiasi cha kupita mwili wake, akaingia, akafunga.

Alitoka baada ya dakika saba, kadi ya mkurugenzi mkononi, mpya kabisa, kona zake zikichoma kidole. Jumatatu ilikuwa imeokoka. Alitembea hatua mbili, akasikia akiitwa.

"Binti." Ni yule fundi bomba, jasho likimtiririka. "Ni mkali?"

"Hana neno, baba. Funga tu mlango ukishaingia."

Mzee akajipenyeza ndani, akafunga. Palikuwa na ndoo tatu, mafagio, kopo la sabuni ya unga lililopinduka, na dirisha lililoachwa wazi. Kwenye sabuni iliyomwagika kizingitini mwa dirisha ulikuwepo wayo mmoja wa kiatu cha bei, ncha imeelekea nje. Juu ya rafu, kando ya kadi za wote waliotangulia, lilikaa bunda la kadi za mkurugenzi, na ile ya juu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: "Kazi zipo. Chukua moja, acha yako. Nitawaandikia wote. Tafadhali msinipigie simu."