Mpiga Debe wa Bwana Stoo

Sauti ya mke wa mgombea ilikuwa imekauka, lakini kipaza sauti hakukiachia.

"Mkimchagua mume wangu," aliwaambia wanawake waliopanga foleni kwenye bomba la maji, "hamtahangaika kumtafuta. Alfajiri yuko ofisini. Jioni mnamkuta bado yuko ofisini."

"Na Jumamosi?" mmoja aliuliza.

"Jumamosi atakuwa anakagua mitaro."

Mgombea mwenyewe, aliyesimama nyuma yake akiwa amekumbatia spika, alikohoa. "Mama watoto, hata Jumamosi?"

"Maji machafu hayajui Jumamosi," mkewe alisema bila kugeuka, na foleni nzima ikapiga makofi.

Mtaani walimwita Bwana Stoo. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, na pale kiwandani hakuna aliyethubutu kuchukua hata ufagio bila ruhusa yake. Kisha akastaafu, afya tele, mdomo haujachoka, na hakuna tena mtu wa kumwomba ruhusa ya kitu chochote.

Alijitahidi kuwa na faida nyumbani. Alipanga upya kabati la vyombo, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Alipanga viungo kwa alfabeti. Mkewe alipokata vitunguu, yeye alivuta kiti karibu na kumweleza namna ya kushika kisu. Mke hakujibu neno, na Bwana Stoo alimshukuru Mungu kwa kumpa mwanamke msikivu. Hata hivyo moyoni alinyong'onyea. Alijiona kama mashine iliyofunikwa turubai.

Ndipo asubuhi moja mkewe alipoweka kisu chini na kumtazama usoni.

"Baba watoto, gombea udiwani."

Bwana Stoo alicheka. Diwani aliyekuwepo alikaa madarakani muda mrefu mpaka kiti chake cha ofisini kilikuwa kimechukua umbo la makalio yake. Nani angemng'oa?

"Mimi nitamng'oa," mkewe alisema. "Kipaji kama chako ni dhambi kukifungia ndani."

Bwana Stoo alitoka nje akisingizia kwenda kuangalia bomba kama linavuja. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Tangu astaafu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kipaji.

Kuanzia hapo mke hakulala usingizi wa kueleweka. Alipiga hodi nyumba kwa nyumba. Aliingia saluni, akawakuta wanawake wamefunikwa vichwa na mashine za kukausha nywele, na akawahutubia humohumo kwa kuwa hawakuwa na pa kukimbilia. Fundi cherehani aliyekuwa upande wa diwani alikubali kuhama ili tu amalize kushona suruali aliyokuwa ameishika. Siku Bwana Stoo alipoamka na mafua na kuomba apumzike, mkewe alimpa dawa, akamzungushia skafu shingoni na kumsindikiza mpaka nje ya mlango.

"Mgombea halali mchana," alimwambia, akafunga mlango kwa ufunguo.

Tatizo lilikuwa mke wa diwani. Huyo naye alikuwa moto wa kuotea mbali. Mume wake alionekana kuchoka, akisinzia hata kwenye mikutano yake mwenyewe, lakini mke alimkanyaga mguu chini ya meza na kumnyanyua kwa kwapa. Alilia jukwaani. Aliwabembeleza wazee, akawabebea watu watoto.

Siku moja misafara miwili ilikutana kwenye uchochoro mwembamba. Wanawake wale walisimama uso kwa uso, kila mmoja na kipaza sauti chake, wakamwagiana sera mpaka mbwa wakahama. Waume zao walisogea pembeni kivulini na kupeana mikono.

"Habari za nyumbani?" aliuliza Bwana Stoo.

"Nyumbani nitapajulia wapi?" alisema diwani. "Mke wangu haniruhusu hata kurudi kula mchana. Anasema wananchi watanielewa vibaya."

"Wanatupenda hawa."

"Wanatupenda mno," alisema diwani, akapiga mwayo.

Kura zilihesabiwa kwenye ukumbi wa shule. Mchana, msimamizi wa uchaguzi alipanda jukwaani, akasafisha koo, akamtangaza Bwana Stoo kuwa diwani mpya, tena kwa tofauti ya kura chache tu. Mkewe alipiga magoti pale pale sakafuni, akainua mikono juu, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni ianze akakiachia kipaza sauti. Bwana Stoo alimwinua. Alijiapia kwamba hatamwangusha mwanamke huyu. Kila ahadi aliyoitoa kwa niaba yake ataitimiza, mitaro ya Jumamosi ikiwemo.

Diwani wa zamani alikuja kumpa mkono bila kinyongo. "Hongera, ndugu yangu. Mimi sasa nakwenda kupumzika kwangu."

Nyuma yake mkewe aliangua kilio. Hakikuwa kilio cha siasa. Kilitoka tumboni, kikamfanya msimamizi wa uchaguzi adondoshe kalamu.

Bwana Stoo aliguswa. Mwanamke anayeumia namna ile kwa ajili ya cheo cha mumewe hastahili kuachwa peke yake. Alimwona mkewe ameshamfuata, wamekumbatiana kwenye kona, vichwa vimegusana, na yeye akasogea polepole ili awape neno la faraja kama kiongozi.

"Atakuwepo," mke wa diwani wa zamani alikuwa akisema kwa kwikwi. "Kila siku. Kutwa nzima."

"Najua, shoga yangu," mke wa Bwana Stoo alimnong'oneza, akimpapasa mgongo. "Lakini wewe umepumua miaka yote hii, niache na mimi nipumue."